Ukuta Uliozibwa Matundu

Machi 11

Hali ya hewa: mawingu mazito, upepo hafifu, mvua bado. Kazi: kutembea. Watu: wawili, mimi na mama mkwe wangu.

Kikosini kila msimamizi wa kazi aliandika hivi kila jioni: hali ya hewa, kazi iliyofanyika, watu waliokuwepo, vifaa vilivyopokewa. Ripoti ilikwenda kwa kapteni, na kapteni aliitia kwenye jalada. Sasa hakuna kapteni wala jalada. Umeme ulizimika, serikali ikaufuata, na ofisi yetu ya mwisho niliifunga mimi mwenyewe nikauacha ufunguo mlangoni. Lakini kalamu bado inaandika, kwa hiyo naendelea.

Leo tumefika kwenye kiwanda cha zamani cha nguo, chini ya kilima. Wanaishi humo watu wanaopata mia moja. Zamu ya lango ilikuwa ya kinyozi, mtu mnene mwenye kipara.

"Hiyo sare ni yako au umeiokota?" aliuliza.

"Yangu. Kikosi cha uhandisi."

"Ahaa. Mabomu."

"Mara chache. Zaidi vyoo na mitaro."

Uso ulimshuka. "Basi karibu, Afande wa Vyoo. Na bibi huyu?"

"Mimi ni mama wa marehemu mumewe," mama mkwe alijibu kabla yangu. "Mwanangu alikuwa na wasichana wa kuchagua, baba. Akaniletea koleo."

Kinyozi alicheka mpaka akasahau kutupekua.

Sheria tulielezwa na mwanamke mwembamba anayeitwa Kibaba. Ndiye mgawaji wa maji, na huyagawa kwa kikombe cha bati alichokitia alama kwa msumari. Jina limetoka hapo. Sheria zenyewe ni mbili. Ya kwanza: mgeni hukaa mpaka mvua ziishe. Zikiisha, watu wote hukutana katika ukumbi wa mitambo, kila mmoja na kiti chake, na mgeni husimama mlangoni. Mwenyeji yeyote akimwekea kiti, mgeni hukaa, na kuanzia hapo naye ni mwenyeji. Asipowekewa, hupewa chakula cha njiani na kuagwa. Ya pili: mgeni akimwaga maji kwa makusudi, hakuna ruhusa ya kumwekea kiti.

"Na mwenyeji akimwaga?" niliuliza.

"Kiti chake kinatolewa nje," alisema Kibaba. "Hajatokea bado."

Goti la mama limevimba kama boga. Nusu ya njia ya leo nimembeba mgongoni. Naliandika hili wazi nisije nikajidanganya baadaye: tusipopata viti hapa, mama hatafika kwingine.

Vilivyopokewa: chumba kimoja, zamani stoo ya nyuzi, mablanketi mawili, maji, vikombe viwili, dawa ya kuchua goti kutoka kwa kinyozi, ambaye hatukumwomba.

Machi 13

Kalenda yangu na ya hapa zinapishana siku moja. Nimefuata yao, kwa hiyo Machi 12 sikuiishi. Kinyozi amenipa jembe. "Kwa tarehe zako siku ya tatu hii, Afande," akasema. Nimepalilia bustani ya juu.

Vilivyopokewa: jembe.

Machi 15

Mawingu. Hakuna mvua.

Wajenzi wa kiwanda walikata kilima ili wapate ua, kisha wakajenga ukuta wa mawe kuuzuia udongo wa juu usishuke. Ukuta una kimo cha watu watatu. Juu yake ndiko kuliko na bustani inayomlisha kila mtu hapa. Chini yake kuna kichochoro cha kupita mtu mmoja, halafu safu ya vyumba wanamolala zaidi ya nusu ya watu. Chumba chetu kimo.

Leo mwashi alinitembeza. Ni mzee mchangamfu mwenye macho mabovu na mikono mizuri. Aliupiga ukuta kofi jepesi, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Tazama matundu haya ya chini," alisema. "Kila moja nimeliziba kwa mkono wangu. Yalinichukua misimu miwili. Pitisha kiganja. Unapata hata tone?"

"Sipati, mzee. Matundu yalikuwa ya nini?"

"Ya kupotezea maji. Mvua ikinyesha, bustani inakunywa kidogo, yaliyobaki yanatokea hapa yanakwenda zake barabarani. Walioujenga walikuwa na maji ya bomba, hawakujua uchungu."

Matundu hayakuwa ya kupotezea maji. Udongo mkavu ukuta unaubeba bila taabu. Udongo uliolowa ni mzigo mwingine kabisa, na maji yakikosa pa kutokea hayakai tu, yanasukuma. Matundu yale ndiyo yaliyokuwa yakiuokoa ukuta kila msimu tangu ujengwe. Wenyeji waliyaziba katika miaka ya ukame, kwa akili iliyofaa wakati wa ukame. Haya yatakuwa masika yao ya kwanza ya kweli tangu hapo.

Mgeni wa siku chache hamfundishi mwenyeji nyumba yake. Nilimwambia mwashi kwamba kazi ya mikono ni safi, na hilo ni kweli.

Machi 16

Nimening'iniza timazi: msumari juu ya ukuta, uzi mrefu, na chini chuma kizito cha mtambo wa kufumia. Nafasi kati ya uzi na mguu wa ukuta nimeitia alama kwa mkaa. Ukuta umeinama kwa mbele. Huenda umeinama hivyo tangu ujengwe. Nafasi ikiongezeka ndipo nitajua.

Mama aliuliza ninavua nini.

Machi 19

Mvua ya kwanza. Watu walitoka na kila chombo kinachoshika maji, hata taa zilizokufa waliziondoa vioo wakazipindua. Mama alitoa kofia yangu ya chuma akaiweka mlangoni. Kwa miaka minne nimeivaa isizuie risasi hata moja. Leo imefanya kazi.

Vilivyopokewa: maji, kofia moja.

Machi 24

Mvua. Nimepalilia. Alama ya mkaa iko palepale.

Machi 28

Mvua siku mbili mfululizo. Nafasi ya uzi imeongezeka kwa unene wa ukucha. Basi nimejua.

Nilimfuata Kibaba kwenye mapipa. Nilimweleza yote, na nikamchukua akaone alama mwenyewe. Alichuchumaa akaitazama kwa muda.

"Unataka matundu yafunguliwe," alisema.

"Ndiyo."

"Maji yatoke yaende barabarani, mbele ya watu hawa."

"Watu hawa ndio waliolala chini ya ukuta."

"Kwa ukucha mmoja."

"Ukuta hauanguki kwa taratibu, Kibaba. Unaanza kwa taratibu."

Alisimama. Kisha akasema, "Nipe njia ya kufungua bila kupoteza. Nikiiona, nitakubali. Kabla ya hapo usiguse tundu hata moja."

Nimempa njia: mfereji wa mabati kando ya mguu wa ukuta, kutoka mwanzo wa kichochoro, kukata kona ya ua, mpaka kwenye tangi la zamani la rangi. Maji yakitoka yanaingia tangini. Amekubali. Lakini tundu hata moja halifunguliwi mpaka mfereji ufike, na mfereji ni kazi ya majuma.

Mwanamke ~~mkaidi~~.

Machi 30

Kazi: mfereji. Watu: mimi na kinyozi. Mwashi amekataa kuja. Ameambiwa kwamba ninataka kubomoa kazi yake, na aliyemwambia hakukosea.

"Mzee amenuna," alisema kinyozi akikunja bati kwa magoti. "Jana alikuja kunyolewa, hakusema neno. Mimi nimezoea kunyoa watu wanaosema. Nilikaribia kumkata sikio nikidhani amekufa."

Vilivyopokewa: mabati sita. Matatu yametoka juu ya jiko la kinyozi, ambaye sasa anapika chini ya mwavuli.

Aprili 2

Mvua. Mabati manne.

Aprili 3

Mvua. Mabati mawili. Misumari imeisha. Watu wamenyofoa ya milangoni mwao wakanipa. Milango mingine sasa inafungwa kwa kamba. Sikuwaomba ya milangoni.

Aprili 6

Manyunyu. Mama sasa hutembea mpaka jikoni kwa fimbo. Hushinda huko akichambua maharage pamoja na Kibaba. Leo alirudi akakaa kitandani bila kunitania, nikajua kuna jambo.

"Yule unayemwita mkavu," alisema.

"Sijamwita mkavu."

"Umemwita kwa uso. Sasa sikiliza. Mwaka wa pili wa ukame, matundu ya ukuta ndiyo yaliyokuwa yanatoa maji peke yake. Matone. Kila familia ilipewa tundu lake, wakakinga kwa vijiko usiku na mchana. La kwake lilikuwa lile la mwisho kule, karibu na bafu. Alikuwa na watoto watatu. Manyunyu yaliporudi alikuwa nao wawili." Aliinua mguu wake kwa mikono miwili akaupandisha kitandani. "Ndipo wakaziba, ili maji yabaki ndani ya kilima. Na kikombe kile kikatiwa alama."

Neno nililoliandika mwisho wa Machi 28 nimelikata kwa mstari mmoja. Kikosini hairuhusiwi kufuta.

Aprili 9

Mvua kubwa. Ukucha mwingine. Mfereji umepita nusu.

Aprili 11

Mvua. Mfereji umemaliza kichochoro. Imebaki kona ya ua mpaka tangini. Mabati yameisha. Kinyozi ameanza kuutazama mwavuli wake kwa huzuni.

Aprili 13

Hali ya hewa: mvua tangu jana asubuhi, bila kupumzika.

Asubuhi nafasi ya uzi ilikuwa imeongezeka kwa upana wa kidole. Kabla ya adhuhuri, vidole viwili. Maji ya tope yalianza kupenya katikati ya mawe, mahali ambapo hapakuwa na tundu, na jiwe moja la katikati lilikuwa limetokeza kama jino. Nilipoweka kiganja ukutani nilihisi mtetemo mdogo sana. Ukuta ukishatetemeka hesabu zimekwisha.

Nilipita mlango kwa mlango nikiwaambia watu wahamie ukumbini. Waliniuliza kama Kibaba ndiye aliyesema. Niliposema hapana, wakaniambia nje kunanyesha. Kinyozi alinitazama usoni mara moja, kisha akatangulia mbele yangu.

"Ukumbini leo kunyoa ni bure," alitangaza. "Leo tu. Na ndevu. Hata wanawake wenye ndevu, msione haya."

Wakaanza kutoka. Mama mkwe alibebwa mgongoni na kinyozi. Nilimsikia mama akimwambia ananuka sabuni ya magendo.

Kibaba alikuwa uani, amelowa chepechepe, anapanga ndoo chini ya michirizi ya paa.

"Mfereji haujafika," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Haujafika. Ukuta hausubiri."

"Ukifungua sasa maji yanakwenda barabarani."

"Yote."

"Sheria unaijua."

"Naijua."

Alinitazama. Kisha akainama akaendelea kupanga ndoo. Hakusema fungua, wala hakusema usifungue. Nilifikiri juu ya goti la mama kwa muda wa kuvuka ua. Nilipofika upande wa pili nilikuwa nimemaliza kufikiri.

Nikaingia kichochoroni na nyundo na tindo. Tundu la kwanza nililipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Saruji ya mwashi ni saruji kweli. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mwanzo wa kichochoro, maji yanamtiririka puani. Nikadhani amekuja kunizuia.

"Usianze na hilo," alisema. "Hilo nililijaza kwa moyo wote. Nenda la nne. Saruji iliniishia pale, nikaweka udongo na matambara."

La nne nililipiga mara mbili tu. Tambara liliruka lenyewe likabandika kwenye ukuta wa vyumba nyuma yangu, na maji yakafuata, unene wa mkono, rangi ya matofali.

"La sita pia," alisema mwashi. "Na la tisa. Siku hiyo nilikuwa naumwa."

Hakugusa chombo. Alitembea kando yangu kwenye maji yaliyofika magotini akinionyesha kwa kidole wapi kazi yake ilikuwa dhaifu, tundu baada ya tundu, yeye aliyekuwa akinionyesha ilivyo imara. Lile la mwisho karibu na bafu ndilo lililotoa maji mengi kuliko yote.

Maji yalijaza mfereji, yakaenda vizuri mpaka konani, na pale mfereji ulipoishia yakaenda yanakotaka. Yalivuka ua, yakapita chini ya lango, yakashuka barabarani. Watu wote walikuwa kwenye milango ya ukumbi wanatazama. Mzee mmoja alikimbia na beseni, akalikinga likajaa, akageuka kutafuta pa kumimina. Kila chombo uani kilikuwa kimejaa tayari. Alisimama nalo hivyo hivyo.

Jioni uzi ulikuwa palepale ulipokuwa adhuhuri.

Vilivyopokewa: taulo kavu. Mtu aliliacha mlangoni bila kubisha hodi.

Aprili 14

Mvua imekatika. Ukuta umesimama.

Hapo ndipo penye tatizo. Daraja ukilijenga, watu hupita juu yake wakaliona. Ukuta ukiuzuia usianguke, unachowaonyesha ni ukuta uleule. Leo asubuhi mtu aliuliza kwenye foleni ya maji, si kwa ubaya, "Mbona ukuta upo?" Wameona maji yakimwagika, hawakuona kingine.

Kibaba alinipimia kikombe changu sawasawa na jana, mpaka kwenye alama.

Aprili 15

Mama anajua. Alikuwa amekwisha kuniandalia la kusema.

"Wewe hukumwaga," nilimwambia. "Kiti chako kiko salama. Utabaki."

"Na wewe?"

"Mimi miguu ninayo."

"Mwanangu alinikabidhi kwako. Hakunikabidhi kwa kiti." Alijilaza akaelekea ukutani. "Ukitoka, natoka. Utanibeba, umezoea. Zima taa."

Taa ilikuwa haijawashwa. Ilikuwa saa tisa mchana.

Aprili 18

Nimeendelea na mfereji. Kinyozi ameuliza kwa nini, maana sheria imekwisha kunipata na kazi haitaiondoa. Nilimwambia kazi iliyoanzwa humalizwa; kikosini hatukuwa na fomu ya kuachia katikati.

"Basi shika," alisema, akanipa mwavuli. Tumeukunjua vyuma vyake tukafungia bati la konani.

Aprili 21

Asubuhi nilimkuta mwashi amechuchumaa mbele ya timazi, pua yake inakaribia kugusa uzi. Aliniuliza alama ya mkaa iko wapi, nikamwekea kidole chake juu yake. Akapapasa nafasi.

"Haijaongezeka?"

"Tangu siku ile, hapana."

Akaondoka. Amekuja tena jioni.

Aprili 22

Amekuja.

Aprili 23

Amekuja. Ameleta kigoda chake cha kukalia.

Aprili 27

Mfereji umefika tangini. Maji ya matundu yamekwisha kutakata. Yanatoka meupe, polepole, mchana kutwa. Kibaba alikuja peke yake na kikombe chake, akakinga, akaonja. Kisha akaenda mpaka lile tundu la mwisho akasimama hapo kidogo. Nilijishughulisha na bati ambalo halikuwa na tatizo.

Aliporudi alisema, "Nimeutazama ule uzi wako. Kila siku, watu wakiwa kwenye chakula."

"Sikujua."

"Nikiikunja sheria kwa ajili yako, kesho nitaikunja kwa ajili ya nani?"

"Usiikunje," nilisema. Na nilimaanisha. Nimeona sehemu nyingi zilizokunja sheria kwa ajili ya watu wazuri; zote nimepita nikaziacha nyuma.

Vilivyopokewa: kikombe cha maji ya ukuta. Kilizidi alama kidogo. Huenda mkono uliteleza.

Mei 5

Mvua zinapungua. Juzi na jana hakuna. Matundu bado yanatoa.

Mei 10

Jua. Tangi limejaa nusu, na hakuna wingu. Kilima kinatema polepole kile kilichokunywa Aprili. Watu wameanza kuja kulitazama tangi jioni, kama watu wanaokwenda kumwona mtoto aliyezaliwa. Yule mzee wa beseni amenisalimu kwa jina: "Habari za leo, Koleo?" Mama amekwisha kunisambaza.

Nimeutengeneza mfuko wa kumbebea mama mgongoni, wenye mikanda miwili, ili mikono ibaki huru. Nimeushona kwa turubai. Nimeuficha chini ya kitanda, lakini ameuona, maana amesema mshono wa kushoto haufai.

Mei 14

Nimekutana na mwashi ana ubao mrefu begani, haieleweki anaupeleka mlango gani. Nikauliza kama nimsaidie. "Shughulika na ukuta wako," alisema. Ni mara ya kwanza kuuita wangu.

Mei 17

Jua. Hakuna la kuandika.

Mei 22

Mkutano ni kesho. Nimeandika, ili yasisahaulike nikiwa sipo: matundu yazibuliwe kwa fimbo kabla ya kila masika, mfereji uondolewe majani, alama ya mkaa irudiwe. Mwashi hasomi vizuri, kwa hiyo nimemsomea. Akayarudia yote bila kukosea.

Nitakuwa nimepokea hapa chumba, mablanketi, jembe, mabati, misumari ya milango ya watu, mwavuli, taulo, na mama anayetembea kwa fimbo. Tuliingia na vitu pungufu ya hivi. Ripoti haiwezi kusema vinginevyo.

Mei 23

Hali ya hewa: jua. Kazi: kusimama mlangoni.

Walikuja na vigoda, stuli, makreti, viti vya ofisi visivyo na magurudumu. Kiti cha kinyozi, kile cha chuma kinachozunguka, kilibebwa na watu wanne, naye akitembea mbele yao akiwaonya wasikikwaruze. Wageni tulikuwa wawili tu. Nilimshika mama kwapani. Mfuko wa turubai nilikuwa nimeuvaa tayari.

Kibaba alisimama mbele.

"Afande alimwaga maji mbele yetu sote," alisema. "Sote tuliona. Afande, unakataa?"

"Sikatai."

"Hakuna atakayemwekea kiti." Aliacha maneno yatue. "Mama yake hakumwaga kitu. Aliye na kiti cha mama yake akilete."

Kinyozi alikuwa ametoweka. Nyuma yetu pakawa na purukushani, mtu akisema inua kwako, mwingine akisema nimeinua tangu jana. Tukasogea. Waliingia mwashi na kinyozi, kila mmoja ameshika ncha, wakaliweka chini katikati ya ukumbi. Lilikuwa benchi, limepigwa randa vizuri, lina miguu minne minene.

"Kiti cha bibi," alisema mwashi akihema.

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamazishwa. Kibaba alilizunguka benchi. Aligonga ukingo wake kwa kikombe.

"Mzee, ulimpima bibi huyu?"

"Kwa macho. Macho yangu unayajua."

"Ni refu."

"Refu, kweli. Nimeona nikiwa nimekwisha kupigilia. Nikate?"

Mama aliniachia mkono, akatembea na fimbo yake mpaka kwenye benchi, akakaa. Hakukaa katikati. Alikaa mwisho kabisa, pembeni, paja moja likining'inia karibu nje, akatazama mbele kama mtu anayesubiri gari.

"Ubao huu ulikuwa wa nini?" aliuliza Kibaba.

"Mlango wa stoo."

"Ubao mzuri. Ukiukata, kipande kitakachobaki hakitafaa kitu." Alikitazama kikombe chake, si mimi. "Hapa hatupotezi. Nafasi hiyo isikae bure."

"Unaniambia mimi?" niliuliza.

"Namwambia yeyote aliye karibu."

Nilikuwa karibu. Nikaenda nikakaa. Viti vikaanza kusogezwa na watu wakaanza kuzungumza habari nyingine, zamu za bustani, bei ya sabuni ya kinyozi.

"Sogea huko, koleo," alisema mama. "Na uvue mfuko huo, unanichoma."

Nikauvua.

Vilivyopokewa: benchi, nusu.